Mwenye Uwezo na Mwaminifu: Khutba Juu ya Kumchagua wa Kumfungulia Moyo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyeumba mwili na nafsi, naye anavijua vyote viwili kuliko mwenyewe anavyojijua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata nyayo zao mpaka siku ya mwisho. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wa kiume na wa kike, nakuusieni, nami naanza na nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu katika tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha.

Leo nazungumzia jambo ambalo wanafunzi huliulizia pembeni baada ya swala, kwa sauti ya chini, na mara nyingi huanza hivi: "Sheikh, nina rafiki yangu ana tatizo." Rafiki huyo halali usiku. Kifua kinambana kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Pengine amefiwa na mzazi katikati ya muhula na mitihani haikumsubiri. Pengine ni dada aliyedhulumiwa utotoni na hajawahi kumwambia mtu. Pengine ni kijana anayerudia udhu mara saba mpaka jamaa inampita, na bado haamini kwamba ametoharika. Sasa rafiki huyo ameshauriwa aende mjini kwa mtaalamu mwenye kliniki yake binafsi, wakae wawili, azungumze. Anauliza mambo mawili. La kwanza, je, dini inaruhusu? La pili, nikienda, nimchague nani?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. La pili ndilo lenye kazi, na humo ndimo watu wetu wengi wanapoumia.

Kutafuta tiba na ukamilifu wa imani

Amesimulia Usama bin Sharik (r.a.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo wajitibu. Akawaruhusu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee tu. Hakubagua maradhi ya tumbo na maradhi ya moyo uliozidiwa na majonzi. Na Anas (r.a.), aliyemtumikia kwa miaka mingi, ametueleza kwamba alikuwa akimsikia mara kwa mara akimwomba Mola wake amkinge na wasiwasi na huzuni. Kama huzuni ingekuwa alama ya unafiki, Mtume wa Mwenyezi Mungu asingekuwa na haja ya dua hiyo.

Someni Sura ya Yusuf. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na watoto wake wakamlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka ajiangamize. Lawama wanazozisikia wagonjwa wetu leo, yeye alizisikia nyumbani kwake. Naye alikuwa Nabii, na Qur'ani ikamsifu kwa subira. Kwa hiyo subira na machozi vilikaa katika kifua kimoja. Someni pia Sura ya Maryam. Uchungu wa kuzaa ulipomkaza na hofu ya maneno ya watu ikamjaa, bibi yule mtukufu alitamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Hakukemewa. Aliliwazwa kwanza, kisha akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Maneno ya kutuliza na msaada wa vitendo vilikuja pamoja.

Wapo wanaosema kwamba kukaa na mtu ukazungumza shida zako ni desturi ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, na sehemu ya nafsi akaigawa katika hasira, hofu, huzuni na waswasi. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila kuijua sababu yake. Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun iliyokamilika mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Na hapa kwetu Uganda, mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kila kikundi na kiongozi wa hapohapo aliyefunzwa. Walikutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16, na kazi yao ilikuwa kuzungumza. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwekwa katika vikundi hivyo. Wanakijiji wa Masaka hawakuhitaji kuwa Wazungu ili mazungumzo yawafae.

Basi tiba ya mazungumzo ni sababu miongoni mwa sababu. Unaishika, na moyo wako unabaki kwa Mwenye kuponya.

Mizani mbili

Sasa tuje kwenye kuchagua. Katika Sura ya Al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, akawanyweshea mabinti wawili mifugo yao. Mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, na akataja sababu mbili: kwamba mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wafasiri wameeleza kwamba nguvu aliziona kisimani, na uaminifu aliuona njiani, kwa jinsi Musa alivyochunga macho yake na heshima yake.

Ndugu zangu, unapomlipa mtaalamu wa kliniki binafsi unamwajiri. Unamwajiri kwa kazi nzito kuliko ya kuchunga kondoo, maana unamkabidhi mambo ambayo hata mama yako hayajui. Shika mizani hizo mbili: uwezo na uaminifu. Asiye na uwezo atakuumiza kwa nia njema. Asiye mwaminifu atakuumiza kwa ujuzi wake. Na umbo la ofisi, wingi wa wafuasi mtandaoni, ukubwa wa ada, hata urefu wa ndevu, havimo katika mizani hizi.

Mizani ya uwezo

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Maana yake kuna kujulikana na kutojulikana, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Jueni kwanza kwamba majina yanatofautiana. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika fani hiyo. Huyo anaweza kuandika dawa, na Uganda husajiliwa na baraza la madaktari kama madaktari wengine. Mwanasaikolojia tiba kwa kawaida ana shahada ya uzamili katika fani hiyo na amefanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kujitegemea. Mnasihi amefunzwa kusikiliza na kuongoza mazungumzo, na wanasihi wa hapa wana chama chao, Uganda Counselling Association. Kwa ndugu zetu wanaotoka Kenya, kwenu ipo sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Yeyote kati ya hao anaweza kufaa kwa tiba ya mazungumzo, mradi amefunzwa kwa kazi hiyo. Lakini kibao barabarani hakina mdomo wa kukwambia kama mwenye nacho alisoma miaka mitano au alihudhuria semina ya siku mbili.

Kwa hiyo uliza, kwa adabu, kabla ya kulipa: Umesomea nini, na wapi? Umesajiliwa au ni mwanachama wa chombo gani? Nani anakusimamia au kushauriana nawe kazi inapokuwa ngumu? Umewahi kuwahudumia watu wenye tatizo kama langu? Kazi yetu itakwenda kwa njia gani? Mtaalamu mzuri haoni maswali haya kuwa dharau, ameshayazoea. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Swali la njia ya kazi lina uzito wake. Chukua yule ndugu wa udhu mara saba. Mtu mwema asiyejua atamwambia ajitulize na asome adhkari zaidi, naye atazisoma kwa kuzirudia kama anavyourudia udhu. Mjuzi wa waswasi atamfundisha taratibu kuosha mara moja, kuondoka na shaka yake, na kuivumilia mpaka ipoe yenyewe. Ajabu ni kwamba mafakihi wetu nao wamesema vivyo hivyo: mwenye waswasi asiitazame shaka yake, ajenge juu ya yakini, aendelee na swala. Hapo mtaalamu na fakihi hukutana, mmoja kwa mazoezi na mwingine kwa hukumu, na mgonjwa huwahitaji wote wawili.

Jihadharini na anayeahidi kukuponya kwa kikao kimoja. Jihadharini na anayekuamuru uache dawa ulizopewa hospitali bila kumwona daktari wako. Ruqya ya Qur'ani na dua zilizothibiti ni halali, na hazigombani na matibabu. Lakini akitokea mtu akakuuliza jina la mama yako, akataka kuku wa rangi fulani, akakuandikia michoro usiyoielewa, huyo ni mpiga ramli aliyevaa kanzu. Mkimbie, hata kama aya za Qur'ani zimetundikwa ukutani kwake.

Mizani ya uaminifu

Dini yetu imekifanya kikao kuwa amana. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mtu akikwambia jambo huku akigeuka kutazama kama yuko anayesikia, jambo hilo tayari ni amana kwako, hata kama hakutamka kwamba ni siri. Angalieni uangalifu huo. Basi vipi kuhusu siri iliyosemwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili hiyo?

Muulize mtaalamu wako siri yako inakaa wapi. Anaandika maelezo? Yanahifadhiwa kwenye daftari, kabati au kompyuta, na nani mwingine anayafikia? Tangu mwaka 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zilizopewa ulinzi wa pekee. Muulize pia ni wakati gani atalazimika kuitoa siri. Mwaminifu atakwambia mapema: ukiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Anayesema hatatoa lolote kwa hali yoyote anakupendeza tu, na anayeshindwa kukueleza mipaka yake hajaifikiria.

Kwetu kuna jambo la ziada. Jamii ya Waislamu katika miji yetu inajuana. Mtaalamu anaweza kuwa jirani wa shangazi yako au kuswali safu moja na baba yako. Ukimwona hivyo, sema wazi, na mkubaliane mtakavyosalimiana mkikutana msikitini au arusini. Kama ada inalipwa na mzazi au mjomba, kubalianeni watatu tangu mwanzo kwamba mlipaji ataambiwa unahudhuria, na yanayosemwa ndani yatabaki ndani.

Uaminifu ni pia wa mkono na wa jicho. Mtaalamu hakuchumbii, hakuoi, hakukopi, hakuingizi katika biashara yake, wala hakugusi kwa njia inayokutia mashaka. Likitokea lolote katika hayo, ondoka siku hiyohiyo, mwambie mtu unayemwamini, na lifikishwe kwenye chombo kilichomsajili. Dhambi hiyo ni yake. Dada zangu na kaka zangu, msiibebe nyinyi.

Je, ni lazima awe Mwislamu?

Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Wanatafuta Mwislamu, hawampati, au wanampata asiyekuwa na ujuzi, mwaka unapita na maradhi yanakua.

Rudini kwenye Hijra. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipotoka Makka walimwajiri mtu wa kabila la Banu Dil awaonyeshe njia. Vitabu vya sira vimemtaja kwa jina la Abdullah bin Urayqit. Alikuwa bado katika dini ya Maquraishi, lakini alikuwa bingwa wa njia za jangwani na walimwamini. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana wakutane naye pango la Thaur baada ya usiku tatu. Maquraishi walikuwa wameahidi ngamia 100 kwa atakayemleta Mtume. Mtu yule aliijua siri iliyokuwa ghali kuliko zote Bara Arabu wakati ule, na hakuiuza. Tazameni zile mizani mbili: ujuzi na amana.

Lakini tazameni pia alichoajiriwa. Aliajiriwa kuonyesha njia ya kufikia Madina. Hakuulizwa kama ifaa kwenda Madina. Hapo ndipo mpaka ulipo. Mtaalamu asiyekuwa Mwislamu anaweza kukusaidia kupambana na hofu, kulala, kuomboleza, kuzungumza na baba mkali. Hawi mufti wako. Mweleze katika mazungumzo ya mwanzo: "Mimi ni Mwislamu, naswali swala tano, na kuna mambo sitayaacha. Utafanyaje kazi nami?" Kisha sikiliza. Maadili ya kazi yake yanamtaka aiheshimu imani yako. Akikuuliza zaidi ili aelewe, hiyo ni dalili njema. Akicheka, au akikuonyesha kwamba hijabu yako au swala yako ndiyo ugonjwa wenyewe, basi huyo si mwaminifu kwako, hata akiwa na shahada tatu.

Ukiwapata wawili waliolingana kwa ujuzi na amana, na mmoja ni Mwislamu, mchague huyo. Hutalazimika kutumia nusu saa kumweleza Ramadhani ni nini au kwa nini posa imekuvuruga akili. Lakini neno "Kiislamu" kwenye kibao si cheti. Na kila anapokushauri jambo linalogusa halali na haramu, lilete kwa mwanachuoni kabla hujalitenda. Nasi masheikh tuambiane ukweli: tunapoletewa mgonjwa wa sonona, kazi yetu ni kumpa hukumu ya swala yake na kumpeleka kwa mjuzi. Ugonjwa tusioujua tusiupe jina.

Chumba, ulimi na sitara

Yapo masuala matatu ya kifiqhi ambayo huwazuia watu mlangoni.

La kwanza ni faragha ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu. Anza kwa kutafuta mtaalamu wa jinsia yako. Ndiyo salama, na kwa mambo mengine ndiyo nyepesi zaidi kusemeka. Usipompata mwenye ujuzi, yapo ya kufanya: chumba chenye mlango wa kioo au usiofungwa kwa ufunguo, mhudumu wa mapokezi akiwa karibu, ndugu yako akikusubiri nje. Omba hayo bila haya. Kanuni ya mafakihi inajulikana: dharura ina hukumu yake, na hupimwa kwa kadiri yake.

La pili ni usengenyaji. "Nikimweleza mama alivyokuwa akinipiga, si nimemsengenya mama?" Hind binti Utba alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi yanayomtosha yeye na wanawe, na hakukatazwa kusema, kwa kuwa alitafuta ufumbuzi. Kutokana na hadithi hiyo na nyinginezo, Imamu Nawawi ameorodhesha hali sita ambazo kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kushtaki dhulma na kutafuta fatwa. Anayeeleza jeraha lake ili litibiwe yuko karibu na hao. Sema ukweli, usizidishe, taja linalohitajika, na kama jina halihitajiki liache. Kumheshimu mama hakukutaki useme kwamba hukuumia.

La tatu ni dhambi ulizozitenda. Tumeamrishwa kujisitiri na kutotangaza tuliyositiriwa na Mola wetu. Kipimeni hiki kwa tabibu wa mwili: huruhusiwa kuona sehemu ya uchi kwa kadiri ya maradhi, na pasipo na haja panabaki pamefunikwa. Ikiwa jambo ndilo kiini cha maumivu yako, lieleze kwa toba na haya, kwa kadiri tiba inavyohitaji. Yasiyohusika yabaki kati yako na Mola wako. Huna deni la kumwambia mtaalamu kila kitu siku ya kwanza.

Malipo, muda na kuondoka

Katika fiqhi ya ijara, malipo na kazi hujulikana kabla ya kuanza. Uliza kikao ni shilingi ngapi, ni dakika ngapi, mara nyingi ni kati ya 50 na 60, na ukishindwa kuja itakuwaje. Uliza kama kuna punguzo kwa wanafunzi. Kabla ya yote, pita ofisi ya unasihi ya chuo, ambayo mara nyingi haina malipo; wengi watapata haja yao hapo, na wengine wataelekezwa kwa mtu anayejulikana. Kutumia karo ya muhula kwa vikao viwili, kisha ukaacha ukiwa na deni, huzidisha maradhi.

Swali istikhara, taka ushauri, kisha jaribu. Kikao cha kwanza ni cha kufahamiana. Baada ya vikao vitatu au vinne jiulize: Ananisikiliza? Tumekubaliana tunakwenda wapi? Kuna dogo lililobadilika katika usingizi wangu, masomo yangu, ibada yangu? Kuna vikao utakavyotoka ukiwa umechoka kwa kulia, na hilo peke yake si ubaya. Lakini ukiona hamwendi popote, mwambie, na kama hakuna mabadiliko mshukuru na utafute mwingine. Kubadili mtaalamu si hiana. Wengi walikata tamaa na tiba yote kwa sababu ya mtu mmoja waliyemkosea njia.

Na hapa nataka mnisikilize kwa makini. Yote niliyoyasema ni ya mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Ikiwa wewe au mwenzako amefikia kuwaza kujiua, na hasa kama ameanza kupanga vipi na lini, usianze kulinganisha kliniki. Usiku huohuo mwambie mtu, asiachwe peke yake chumbani, apelekwe hospitali. Kampala ipo Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoanza mwaka 1955, na hospitali za rufaa za mikoani zina vitengo vya kazi hiyo. Jina la Butabika limefanywa tusi katika mabweni yetu. Acheni mzaha huo, kwa maana huenda mnayemcheka ndiye anayejizuia kwenda leo.

Enyi viongozi wa jumuiya, amiri na amira, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu huficha maradhi yake pale anapojua atachekwa. Tunachanga kila mwaka kwa ajili ya iftari, na Mwenyezi Mungu atupokelee. Tunaweza pia kuchanga mfuko mdogo wa sadaka kwa ndugu asiyeweza kulipa vikao vyake, jina lake likijulikana na mtu mmoja tu. Tunaweza kuwa na orodha ya wataalamu waliokwisha kuulizwa yale maswali, wa kike na wa kiume. Na anapokuja mtu na "rafiki yake", tumsikilize rafiki huyo mpaka mwisho, bila kumwambia kwamba dhambi zake ndizo zimemfikisha hapo. Aliyemwambia hayo Ayyub (a.s.) angekuwa amekosea.

Dua

Ewe Mola wetu, Wewe ndiwe Mponyaji, hakuna uponyaji ila wako. Waponye wagonjwa wetu, wa miili na wa nafsi. Wape usingizi wasiolala, wape utulivu wenye hofu, na walioumizwa wakiwa wadogo ushike mikono yao. Waongoze kwa watu wenye ujuzi na amana, na uwaepushe na matapeli na wahaini. Tujaalie ndimi zinazoliwaza na vifua vinavyohifadhi siri. Warehemu wazazi wetu, wawe wametutendea wema au wametukosea bila kujua. Utupe mema ya dunia na mema ya akhera. Amin.

Wasalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.